Diski Iliyoitwa Akiba

Titus Mwangangi alirudisha kifuniko cha kompyuta bila hata kukikaza vizuri, akaacha skrubu nyingine juu ya meza, kwa sababu gari lililokuja kumchukua lilikuwa linapiga honi huko chini kama lililoshikwa na wazimu. Alikuwa amekodiwa kupeleka vipaza sauti kwenye harusi Ekalakala, na bwana harusi mwenyewe alikuwa ndani ya gari hilo.

"Mama Mutheu," alimwambia mkewe, Nthenya, huku akikusanya nyaya zake, "hiyo diski mpya kompyuta imeiona. Wewe ifomati iwe safi kabisa, kisha nakili nyimbo zote ziingie huko. Tukiwa nazo mahali pawili, nitalala usingizi."

"Si ungoje ufanye mwenyewe ukirudi?"

"Ni kubonyeza tu. Na wewe hii mashine unaijua kuliko mimi."

Akashuka ngazi mbio. Nthenya akabaki peke yake studio.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu, karibu na soko la Machakos. Kuta walikuwa wamezibandika trei za mayai na mablanketi ya zamani ili kelele za nje zisiingie, ingawa posho mill ya nyumba ya pili ikianza kusaga unga hapakuwa na blanketi la kuizuia. Mwaka ule wa 2001, kurekodi kwa kompyuta kulikuwa bado ni jambo geni pale mjini, na kwaya zilikuja kutoka mbali, hata Kithyoko, kuona sauti zao zikichorwa kwenye skrini kama milima. Yote waliyoimba yalikaa ndani ya kompyuta ile moja. Titus alikuwa akiliwaza jambo hilo kwa muda mrefu, na ndiyo maana alinunua diski ya pili, iliyokwisha kutumika, kutoka kwa fundi mmoja Nairobi.

Nthenya alivuta kiti, akafungua dirisha linaloonyesha diski. Akaona herufi tatu: C, D na E. Hakuna hata moja iliyokuwa na jina. C alijua ni ya programu. D ilikuwa ya nyimbo tangu siku walipoinunua kompyuta. Hata herufi ya kwanza aliyomwona Titus akiitafuta humo ilikuwa D. Kwa hivyo E ndiyo ilikuwa mpya.

Aliweka mshale juu ya E, akausogeza kando. Kufomati ni kufuta kila kitu. Akaona heri kwanza azipe diski majina, ndipo asije akakosea kwa kuangalia herufi moja badala ya nyingine. Ile ya D akaiandika NYIMBO. Ile ya E akaiandika AKIBA. Hapo chini ya majina kulikuwa na mchoro wa duara unaoonyesha diski imejaa kiasi gani, lakini macho yake yalikuwa kwenye herufi alizokuwa akiandika. Alipomaliza, akahisi utulivu, kama mtu aliyebandika karatasi kwenye chupa ya dawa ya panya.

Kisha akaichagua AKIBA, akaiambia kompyuta ianze kuifomati. Kompyuta ikamwonya kwa Kiingereza kwamba kila kitu kilicho ndani kitafutika, ikamuuliza kama iendelee.

Hodi ikabishwa mlangoni.

Hakusikia mtu akiita. Alisikia vidole tu. Akabonyeza hapana, akajiambia ataendelea baadaye, akaenda kufungua.

Alikuwa Wacuka, mama Mgikuyu aliyekuwa akiuza maharagwe na njahi nyeusi sokoni, na aliyekuwa kiongozi wa kuimba katika kanisa lao kwa miaka mingi kuliko Nthenya alivyoweza kukumbuka. Leo alikuwa amefunga skafu shingoni ingawa jua lilikuwa kali.

"Mama Shiru! Karibu, karibu ndani. Umepotea sana."

Wacuka alitabasamu, akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa pumzi yenye maneno ndani yake, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi.

"Niko. Ni hivi tu siku hizi."

Nthenya alikuwa amesikia habari, lakini kusikia kwa watu ni tofauti na kujisikilia mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka, Wacuka alikuwa akienda kupasuliwa goita, ule uvimbe wa shingoni. Daktari alimweleza mapema kabisa kwamba ile goita ilikuwa imeizunguka mishipa ya sauti, kwamba wangejitahidi, lakini hakuweza kumwahidi kitu. Wacuka akaomba apewe siku chache. Siku hizo alizitumia hapa, ndani ya chumba hiki, akiimba nyimbo zote alizotunga maishani mwake, za Kiswahili na za Kikuyu, hata moja ya Kikamba aliyoitunga kwa ajili ya majirani zake wa sokoni. Titus alirekodi mpaka masikio yakamuuma. Halafu Wacuka akaenda, akapasuliwa, akapona. Goita iliondoka na sauti pia ikaondoka.

Tangu siku hiyo hakuwahi kuja kuzisikiliza. Titus alimtumia ujumbe sokoni, akajibiwa kwamba atakuja akiwa tayari.

"Niko tayari sasa," Wacuka alinong'ona, akitoa kaseti mpya kwenye mfuko wake. "Niwekee zote humu. Kesho asubuhi nasafiri nyumbani Murang'a."

"Hiyo ni kazi ndogo, Mama Shiru. Keti hapo. Kwanza nikusikilizishe."

Nthenya aliwasha programu ya kurekodia, akaitafuta kazi ya Wacuka. Ilifunguka. Lakini badala ya milima ya sauti aliyoizoea, mistari ilikuwa mitupu, ya kijivu, na katikati ya skrini kompyuta ikasema haioni mafaili kwenye D. Akabonyeza. Ikarudia, ikitaja wimbo wa pili. Akabonyeza tena. Wa tatu.

"Inachelewa kidogo," akasema.

Akaifunga programu, akaenda kwenye diski yenyewe. NYIMBO. Akaifungua.

Ilikuwa tupu. Hakukuwa na folda ya Wacuka, wala za kwaya, wala ya yule mzee wa kupiga kinubi wa Masinga. Ukurasa mweupe tu.

Nthenya aliifunga, akaifungua tena. Akafikiria haraka haraka, mawazo yakigongana. Nimefanya nini? Nilibonyeza hapana. Au nilibonyeza ndiyo? Hodi ilipobishwa mkono wangu ulikuwa wapi? Alijaribu kuiona tena picha ya kidole chake juu ya mausi, lakini kadiri alivyoitafuta ndivyo ilivyozidi kumpotea. Au kule kubadilisha jina kulikuwa na ubaya ambao hakuna mtu aliyewahi kumweleza? Labda ukiipa diski jina jipya unaianza upya.

"Iko nini?" Wacuka aliuliza.

"Hakuna, Mama Shiru. Ni hii mashine. Ngoja kidogo."

Alichukua simu, akampigia Titus. Simu haikuingia. Akajaribu tena na tena, kila mara yule mwanamke wa kwenye simu akimwambia mteja hapatikani, na Nthenya akawa anamchukia mwanamke huyo kama mtu anayemjua. Nyuma yake Wacuka alikuwa ameketi, mikono imelala juu ya kaseti. Lau angelalamika, ingekuwa afadhali.

Nthenya alitoka mpaka kwenye ukumbi wa nje, akaita kuvuka uchochoro, "Gikonyo! Gikonyo, tafadhali njoo!"

Gikonyo alikuwa fundi wa kompyuta, na pia aliwafundisha vijana kupiga chapa katika jengo lililokuwa mkabala. Alikuja na kikombe cha chai mkononi, lakini alipouona uso wa Nthenya akakiweka sakafuni. Akamsalimu Wacuka kwa Kikuyu, kwa heshima, kisha akainama mbele ya skrini.

"Nyimbo zimepotea," Nthenya alimwambia kwa sauti ya chini. "Zilikuwa kwa D. Nimeipa jina tu. Nilikuwa nataka kufomati ile ingine, hii ya AKIBA, na sijui, Gikonyo, pengine nilifuta hii bila kujua. Zake ziko hapo. Zote. Na hana zingine, na hawezi..."

Hakumaliza. Gikonyo alimtupia macho Wacuka, akaelewa.

"Sawa. Usiguse kitu tena," alisema. "Kitu kikifutwa hakiendi mara moja. Kuna programu niko nayo kwa ofisi, inaweza kurudisha. Lakini haifai kurudishia pale pale kilipofutwa, utaharibu kabisa. Inataka diski nyingine ya kupokea. Hii AKIBA ndiyo mpya?"

"Ndiyo. Imetoka Nairobi juzi."

"Bado haijafomatiwa?"

"Nilikuwa naanza ndipo Mama Shiru akaingia."

"Basi tuimalizie hiyo, iwe tayari kupokea. Kila dakika ni muhimu."

Alivuta mausi. Huko chini posho mill ikaanza kusaga, chumba chote kikatetemeka. Gikonyo akaichagua AKIBA, akafuata hatua zile zile, na lile onyo likatokea tena. Nthenya alisimama nyuma yake akiomba kimoyomoyo, akimwomba Mungu aikaze mikono ya Gikonyo isikosee.

Wacuka alikuwa ameinuka. Alikuwa akisema kitu. Midomo yake ilikuwa ikienda, lakini ile pumzi yake haikuweza kupita katikati ya mngurumo wa mashine. Alisema tena. Hakuna aliyegeuka. Basi akanyoosha mkono kupita juu ya bega la Gikonyo, akamshika kifundo cha mkono kwa nguvu za mtu aliyezoea kubeba magunia.

Gikonyo alishtuka. "Mama, ni nini?"

Wacuka hakumwachilia. Akamsogezea mdomo karibu na sikio.

"Umeangalia ndani?"

"Ndani ya nini?"

"Ya hii mnafuta."

"Hii ni tupu, Mama. Ni mpya."

Wacuka alitikisa kichwa. Kwa mkono wake wa pili alielekeza kidole pembeni mwa dirisha la diski lililokuwa nyuma ya lile onyo, kwenye ule mchoro wa duara. Karibu nusu yake ilikuwa ya buluu.

"Ile ingine Mama Mutheu alipoishika kabla ya hii," alinong'ona, "hiyo duara ilikuwa rangi moja yote. Hii iko na mbili. Mimi sijui ni ya nini. Nauliza tu."

Gikonyo aliitazama ile duara. Nthenya naye akaitazama. Kisha polepole, kama anayemwondoa nyoka kwa fimbo, Gikonyo alipeleka mshale kwenye hapana, akabonyeza. Akaifungua AKIBA.

Folda zilijaa skrini nzima. Kwaya ya Kithyoko. Mzee wa kinubi. Harusi, mahubiri, vijana. Na karibu na mwisho, kwa herufi kubwa kama Titus alivyopenda kuandika: WACUKA.

"Ngai, Mungu wangu," Nthenya alisema, akaketi sakafuni pale pale kando ya kikombe cha chai.

Gikonyo aliuondoa mkono wake juu ya mausi, akauficha kwapani kana kwamba ulikuwa na baridi. Mashine ya posho iliponyamaza kidogo akasema, "Titus aliweka hii diski leo?"

"Asubuhi hii."

"Ndiyo hiyo. Nimewahi kuona hii kitu, na leo haikuniingia akilini." Alipangusa uso. "Ile diski yenu ya zamani imegawanywa mara mbili, C na D. Ukiongeza diski nyingine nzima, kompyuta inaihesabu kabla ya hicho kipande cha pili. Mpya inachukua D, na D ya zamani inasukumwa mbele inakuwa E. Hakuna mtu inamwambia. Programu yenu inatafuta nyimbo kwa D kama kawaida, inakuta nyumba ya mtu mwingine."

"Kwa hivyo nilizipa majina..."

"Uliyapishanisha. Na mimi nikayaamini."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Wacuka aliketi tena kitini mwake, akaipanga skafu shingoni.

Bado kulikuwa na kazi. Gikonyo alisema njia rahisi ni kuizima kompyuta, kuichomoa diski mpya, na kuiwasha tena ili D irudi mahali pake. Kuizima ndiko kulikomtisha Nthenya sasa. Sasa hivi nyimbo zilikuwa pale, alikuwa akiziona kwa macho. Nani alijua zitakuwa wapi mashine ikiamka? Wiki nzima stima ilikuwa ikiyumba na kukatikakatika. Alitaka kumwambia Gikonyo waache hivyo hivyo, wasiguse chochote mpaka Titus arudi. Lakini Wacuka alikuwa akisafiri asubuhi.

"Zima," alisema mwishowe.

Skrini ikawa nyeusi. Gikonyo alikiondoa kile kifuniko kilicholegea, akachomoa waya wa diski mpya, akavuta na ule mpana bapa, akaitoa na kuiweka mezani, akaangalia mara mbili kwamba hakugusa nyaya za ile ya zamani. Wakaiwasha. Kompyuta ikanguruma, ikaandika maandishi yake meupe, ikatulia kwa muda mrefu kuliko siku zote, au Nthenya aliona hivyo. Alikuwa ameushika ukingo wa meza. Wakati picha ilipokuja, alikwenda moja kwa moja kwenye kazi ya Wacuka, akafungua, akafumba macho.

"Mama Mutheu," Gikonyo alisema. "Angalia."

Milima ilikuwa pale, mstari juu ya mstari.

Gikonyo alichukua chai yake iliyokwisha kupoa, akaaga, akarudi kwa wanafunzi wake. Nthenya akaitia kaseti kwenye redio ya kurekodia, akaunganisha waya, akabonyeza.

Sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa pana na yenye nguvu, ya mwanamke aliyezoea kusikika mpaka mlango wa nyuma wa kanisa bila maikrofoni. Ilikijaza chumba. Nthenya aliogopa kumtazama mwenye sauti hiyo. Alipothubutu, alimwona Wacuka ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani ukutani, midomo ikifuata maneno bila kutoa sauti. Katikati ya wimbo wa pili aliinuka, akatoka nje ukumbini, akasimama ameshika chuma cha kizuizi, mgongo wake ukiwa umeelekea mlangoni. Nthenya hakumfuata. Kaseti iliendelea kuzunguka.

Wacuka aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa akitabasamu.

"Huyo mama ako na haraka," alinong'ona, akielekeza kidole kwenye spika. "Hiyo verse ya pili ameikimbia kama anafukuzwa. Ningekuwa mwalimu wa kwaya ningemrudisha."

Nthenya alicheka, na kicheko kikageuka kilio bila kumwomba ruhusa. "Nisamehe, Mama Shiru. Karibu nikuue leo."

"Hukuniua. Niko hapa." Alingoja Nthenya apanguse uso. "Unajua kwa nini naitaka hiyo kaseti? Si yangu. Mimi ningeweza kukaa bila kuisikia. Ni ya mama yangu. Macho yake yalikwisha zamani. Nikimpigia simu kwa jirani, anasikia hii pumzi, anasema, 'Wewe ni nani? Nipatie Wacuka.' Namwambia ni mimi. Anakata. Anafikiri nilikufa huko kwa daktari na watu wanamficha."

Nyimbo zilikuwa zimefika upande wa pili wa kaseti, na zilipokwisha, ukanda ulikuwa haujaisha. Nthenya alinyoosha mkono kuizima redio.

"Wacha," Wacuka alisema. "Hapo panabaki nafasi. Niwekee maikrofoni."

"Sasa?"

"Sasa, kabla sijaogopa."

Nthenya aliiwasha maikrofoni, akaisogeza mpaka ikakaribia kugusa mdomo wa Wacuka. Akamwashiria aanze. Mshale wa kipimo cha sauti haukuinuka. Ulilala pale pale chini. Nthenya akaongeza sauti, akaongeza tena, mpaka spika zikaanza kuvuma zenyewe na mngurumo wa posho mill nao ukaingia, na hapo ndipo mshale ulipojikongoja kidogo. Aliogopa kwamba hautabeba kitu. Akavaa spika za masikioni.

Ilikuwepo. Katikati ya mvumo, wazi kabisa, kwa Kikuyu ambacho Nthenya alikielewa kwa sababu kinakaribiana na Kikamba chake: Mama, ni mimi. Yule aliyekuwa akiimba sasa hivi ni mimi, na huyu anayeongea ni mimi. Kisha Wacuka akamtajia mama yake jina la mbuzi waliyekuwa naye alipokuwa mdogo, na jinsi yeye na mama yake walivyomtafuta mvuani, jambo ambalo mtu mwingine asingeweza kulijua, akaendelea kuongea mpaka ukanda ukaisha.

Wacuka alishuka ngazi akiwa ameikumbatia kaseti ndani ya mfuko, chini ya kwapa.

Titus alirudi jioni, amechoka, amebeba nyama ya harusi kwenye karatasi. Alimkuta Nthenya ameketi mbele ya kompyuta iliyowaka, diski mpya ikiwa mezani mbele yake, haina waya hata mmoja.

"Hukufomati?" aliuliza.

"Keti kwanza," Nthenya alimwambia. Akamsimulia yote, hata pale alipoketi sakafuni. Titus alisikiliza amesimama, kisha akaiweka nyama chini, akaketi, akaufunika uso kwa mikono.

"Ni mimi," alisema ndani ya viganja vyake. "Mimi ndiye niliyefaa kukaa niifanye mwenyewe."

"Kesho utaiweka ukiwa na nafasi," alisema Nthenya. "Na kabla ya kubonyeza chochote tutafungua zote mbili, tuangalie ndani, wewe na mimi."

Titus aliitikia kwa kichwa. Kisha akamwomba amsikilizishe nyimbo za Wacuka, moja tu, ili na yeye ajue ziko. Nthenya aliifungua kazi ile. Kidole chake kilisita juu ya mausi, kikasubiri, ndipo kikabonyeza.